Breki Nilizofunga kwa Mkono Wangu

Fundi aliposema giaboksi imekufa, nilimtazama usoni nikisubiri acheke. Hakucheka. Nilikuwa nimempelekea gari linalolia kwenye breki: ukikanyaga, tairi la mbele linasema kwiii, ukiachia linanyamaza. Mtoto wa chekechea angejua ugonjwa uko wapi. Lakini fundi yule wa Mbagala, ambaye nilikuwa namwona kwa mara ya kwanza, alilizunguka gari mara moja tu, hakufungua hata boneti, akajipangusa mikono ambayo haikuwa imeshika kitu, akasema, "Mama, hapa giaboksi imekufa. Niachie siku nne."

Nilipigwa na butwaa. Halafu nikapandwa na hasira, maana kwangu mie hivyo viwili ni majirani wa chumba na sebule. Nikamwambia nimefundisha hesabu miaka ishirini na sita na sijawahi kudanganywa mchana kweupe namna hiyo, hata na wale watoro wa darasa la saba. Nikawasha gari langu, likalia kwiii njia nzima mpaka nyumbani Chamazi.

Gari lile halikuwa la kujionyesha. Lilikuwa kagari kadogo ka Kijapani, kazee, rangi imekwisha juu ya paa. Lakini mwanzoni mwa masika mume wangu alipata kiharusi. Upande wa kushoto wote ukalala, mkono na mguu, na maneno yakawa yanatoka moja moja, tena kwa kuvutwa. Akili haikuguswa hata chembe. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alituweka kitako akatuambia wazi: miezi hii ya mwanzo ndiyo mguu unarudi, mkiichezea msije kunililia hapa. Jumatatu na Ijumaa, bila kukosa. Bodaboda mume wangu hawezi kupanda, na kwenye daladala nani atamsubiri mpaka aushushe mguu? Bila gari hakuna mazoezi, na bila mazoezi hakuna mguu. Ndivyo ilivyokuwa, na mie nililala na kuamka na hesabu hiyo.

Kabla ya hapo gari lilikuwa lake. Alikuwa karani, si fundi, lakini vitu vidogo vidogo alifanya mwenyewe: kumwaga oili, kubadilisha plagi, kufunga breki. Jumamosi moja moja alikuwa anavua shati, anatandika boksi mchangani na kuingia chini ya gari, na mie nabaki kuona soli za ndala zake tu. "Gari ni kama mke," alikuwaga anasema, "usimpe mtu akushikie." Nilikuwa namrushia kitu chochote kilichokuwa karibu, nikakosa, tukacheka.

Kwa hiyo siku ile niliporudi kutoka kwa yule fundi wa giaboksi nikiwa nimefura, nilimkuta mume wangu barazani kwenye kiti chake, nikamtangazia. "Breki nitafunga mwenyewe. Jumamosi. Kama wewe uliweza, mie nashindwa nini?"

Akafungua mdomo. "Mwa... limu..."

"Najua, utasema siwezi. Utaona."

Nikaingia ndani. Nitasema ukweli hapa, maana hakuna sababu ya kujipaka mafuta. Tangu augue, mume wangu hakuwahi kumaliza sentensi mbele yangu. Nilikuwa namalizia mie. Mtu huyu alikuwa msemaji, akianza kisa cha ofisini majirani wanasogeza viti. Ule ukimya uliokuwa kati ya neno lake moja na jingine ulikuwa unaniumiza, nikawa naujaza na maneno yangu, nikijiambia namsaidia. Wala hakulalamika. Angelalamika saa ngapi?

Jumamosi ikafika. Niliegesha simu juu ya ndoo, nikafungua video mtandaoni: mwanaume nadhifu mwenye glavu, kwenye sakafu ya saruji inayong'aa, anafungua tairi kwa dakika mbili huku anatabasamu. Nikajifunga kanga kiunoni, nikaanza.

Yule bwana wa kwenye video hajawahi kuishi Chamazi. Huku kwetu ni mchanga. Niliweka jeki, nikazungusha, nikazungusha, nikatazama: gari liko palepale, jeki ndiyo inazama. Jamani! Nikaitoa, nikaweka tofali chini yake, tofali likapasuka katikati. Nikaenda kwa jirani anayejenga nikaomba kipande cha ubao mnene, nikarudi, nikaweka, gari likaanza kunyanyuka. Hapo ndipo nikakumbuka yule bwana alilegeza nati kwanza kabla ya kunyanyua. Nikashusha tena. Jasho lilikuwa limeshafika kwenye macho, na saa ilikuwa bado tatu asubuhi.

Nati nazo! Nani alizikaza zile nati? Nilining'inia kwenye spana, haikwenda. Nikapanda juu yake kwa miguu miwili, mimi na uzito wangu wote ambao sitauandika hapa, nikashika paa la gari nikaruka. Ikatoa mlio kama bastola. Nilishtuka nikaanguka kitako, na kutoka barazani nikasikia mume wangu anacheka kile kicheko chake kipya cha upande mmoja. Nikacheka na mie. Tulikuwa hatujacheka pamoja siku nyingi.

Tairi lilipotoka nilisimama nikashangaa. Nilidhani nitakuta mitambo. Kumbe gari zima, na watu wote wanaopanda humo, linasimamishwa na sahani moja ya chuma na vipande viwili vinavyoibana, kimoja huku, kimoja kule, kila kimoja kidogo kuliko kiganja changu. Hivyo tu? Miaka yote hiyo tumepita Kilwa Road katikati ya malori tukitegemea hivyo? Mungu wangu! Ningejua mapema ningekuwa natembea kwa miguu.

Nikaenda stoo. Mume wangu alikuwa na rafu lake la vitu vya gari, limepangwa kama duka la dawa. Nilishaliona boksi la breki pedi tangu juzi: boksi zima, halijakunjika kona, limejaa maandishi ya Kijapani na picha ya pedi zenyewe, na modeli ya gari letu imeandikwa ubavuni. Ndani pedi nne, kila moja imezungushiwa gazeti, safi, zimefutwa vumbi. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa mume wa akiba. Nikarudi nalo uani nimelinyanyua juu kama kombe.

Mume wangu alipoliona, akapiga fimbo yake sakafuni. Ko, ko, ko.

"Naam, nimelipata," nikamwambia. "Umefanya vizuri kununua mapema."

"Ha... hizo..."

"Hizo hizo. Nimezikuta kwenye rafu lako."

Akapiga tena fimbo. Nikaongeza sauti ya simu.

Nikatoa pedi za zamani, nikaweka zile za kwenye boksi. Niliona kabisa kwamba zile za boksini zilikuwa nyembamba. Niliona, siwezi kusema sikuona. Nikajijibu mwenyewe kwamba vitu vya siku hizi vyote vinatengenezwa vyembamba, hata simu, hata televisheni. Kwenye video, yule bwana alihangaika sana hapo: ilibidi asukume pistoni irudi ndani kwa kibano, anakaza anahema, ndipo pedi mpya zikapata nafasi. Mie zangu ziliingia zenyewe. Ziliteleza tu, tii, zikakaa. Nikajisifu. Nilisema kwa sauti, "Kumbe kazi yenyewe ni rahisi, wanaume mnatutishaga bure."

Wakati nafunga tairi la pili niliona kivuli. Alikuwa amenyanyuka kwenye kiti, ameshuka kingazi cha baraza peke yake, amevuka uwanja wa mchanga na fimbo yake. Hatua kumi na tano labda, na mchangani! Ningekuwa na akili siku ile ningejiuliza ni jambo gani limemnyanyua. Badala yake niligomba. "Ukianguka hapa nitawaambia nini watu?" Akaokota pedi niliyoitoa, akanionyesha. Akaonyesha gurudumu. Akanionyesha tena ile pedi, uso umemkaza, mshipa wa shingo umesimama.

"Hiyo imekwisha, baba," nikamwambia. "Ndiyo iliyokuwa inalia. Itupe."

Akatikisa kichwa. Hakuitupa. Akaitia mfukoni mwa kaptula.

Niliosha mikono, nikachukua funguo. Nilitaka kulijaribu gari mpaka lami na kurudi, ili Jumatatu tuondoke bila wasiwasi. Nilipowasha, mume wangu alikuwa amesimama mbele ya gari. Amesimama katikati kabisa, fimbo mkononi, hatoki. Nikapiga honi. Hatoki. Majirani wameanza kuchungulia.

"U... si..." akasema.

Na hapo, kwa mdomo wangu huu, nikatoa kichwa dirishani nikamwambia: "Wewe huwezi hata kufunga kifungo cha shati, utaniambia mie habari za breki?"

Neno likishatoka halirudi. Nilijisikia nikilisema, nikashtuka kana kwamba kalisema mtu mwingine. Yeye alinitazama tu. Halafu akapisha. Nilidhani anarudi kwenye kiti chake, kumbe anazunguka upande wa abiria. Akafungua mlango, akakaa, akaunyanyua mguu wa kushoto kwa mkono wa kulia akauingiza ndani, akafunga mlango. Nikamwambia hakuna haja, naenda hapo tu nakuja. Nilijua kilichomleta: anakuja kunikagua, anicheke breki zikilia. Nikaondoa gari kwa hasira.

Hazikulia. Njia ya mtaani kwetu ni tambarare, na mchanga wenyewe unalishika gari, kwa hiyo nilikanyaga breki kidogo mara mbili tatu, kimya. Nikatamani yule fundi wa giaboksi angekuwepo. Ila pedali ilikuwa inaenda chini kuliko nilivyoizoea, na mume wangu alikuwa ameweka mkono wake wa kulia juu ya hendibreki. Mkono umekaa pale, vidole vimeifumbata. Nikaupiga kofi. "Toa mkono, mie siyo mwanafunzi." Akautoa. Tulipopita kona nikaukuta umerudi. Nikaupiga tena. Ukarudi. Nikamwacha, nikasema moyoni, atashiba mwenyewe.

Kabla ya kufika lami pana mteremko. Si mkali, ila ni mrefu, umesagwa na malori ya mchanga mpaka umekuwa mgumu kama sakafu. Chini yake, pembeni, yuko mama mmoja anayekaanga mihogo. Kila mtu mtaani anamjua, na karai lake la mafuta liko motoni kuanzia asubuhi. Jumamosi huwa na foleni ya watu.

Tulianza kushuka. Nikakanyaga breki. Kikatoka chini ya gari mlio ambao sijawahi kuusikia, chuma kinasaga chuma. Nikakanyaga zaidi, na pedali ikaenda. Ikaenda mpaka chini, mguu wangu ukagusa zulia, hakuna kitu. Nikainyanyua nikakanyaga tena, laini, kama naikanyaga hewa. Gari linaongeza mwendo. Nilisahau gia, nilisahau kila kitu nilichowahi kujua, nikabaki nimeshika usukani kwa mikono miwili napiga kelele, "Yesu! Yesu! Yesu!" Niliona watu wa foleni wanatawanyika. Nilimwona mama wa mihogo amesimama na mwiko wake mkubwa wenye matundu, hakimbii, anatutazama tu.

Mume wangu akavuta hendibreki. Hakuivuta mara moja. Aliivuta, akaachia kidogo, akaivuta, akaachia kidogo, kama mtu mwenye muda wa kutosha. Nyuma ya gari ikatupwa huku na huku. "Ku... shoto!" akasema, neno zima, na mie nikakata kushoto, tukaingia kwenye lundo la mchanga wa kujengea lililokuwa kabla ya banda la mihogo. Gari likalipanda, likazima.

Vumbi. Halafu mama wa mihogo akapata sauti yake.

"Mwalimu! Mwalimu unataka kuniua? Nimekukosea nini mie? Juzi si nimekuongezea kachumbari?"

Kati ya boneti na karai palikuwa na hatua tatu. Nilizipima baadaye kwa miguu yangu, tatu. Mafuta bado yalikuwa yanachemka na mihogo inazidi kuungua humo. Nilifungua mlango, nikakaa chini mchangani nikilia na kuomba radhi kwa kila mtu, hata kwa waliokuwa wanapita tu. Mama wa mihogo akaniletea maji kwenye kikombe, huku bado ananigombeza.

Ng'ambo ya barabara kuna mzee anayeziba pancha. Alikuja na jeki yake, mtu mzima mwenye kofia ya kushona. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akafungua tairi bila kuuliza lolote. Akainama, akatazama, akapiga mluzi.

"Nani kafunga breki hizi?"

"Mie," nikasema.

"Mbona umefunga vyuma vitupu? Hizi pedi zimekwisha zamani. Pistoni imetoka kutafuta pa kubana mpaka imepita kiasi, ona, mafuta yote ya breki yamemwagikia kwenye rimu."

"Haiwezekani, mzee wangu. Ni mpya. Nimezitoa kwenye boksi leo asubuhi."

Mzee akanitazama kwa huruma, nikajisikia kumpiga. Nikageuka kwa mume wangu, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti cha gari, mlango wazi, miguu nje. Akatia mkono mfukoni, akatoa ile pedi niliyoifungua asubuhi nikamwambia atupe. Mzee akaipokea, akaiweka kando ya ile aliyoitoa sasa hivi. Ile niliyoiita mbovu bado ilikuwa na nyama ya kutosha ya kubana, hii ilikuwa chuma kitupu; mzee akasema ile ilikuwa inalia vumbi tu.

"Sam... po," mume wangu akasema.

Ilinichukua muda, halafu yote yakaniangukia. Ukienda dukani kununua spea bila kubeba ile ya zamani, muuzaji anakuuliza, "Sampo iko wapi?" Bila sampo utauziwa pedi za gari la mtu mwingine. Kwa hiyo mume wangu kila alipofunga pedi mpya alizifuta zile zilizokwisha, akazizungushia gazeti, akaziweka kwenye boksi la zile mpya, zisubiri safari nyingine ya Kariakoo. Yeye ndiye pekee aliyekuwa anaingia kwenye rafu lile, amwandikie nani juu ya boksi kwamba ni za zamani? Na mie, ambaye kopo langu la aiskrimu kwenye friza lina maharage, kopo la biskuti kabatini lina sindano na nyuzi, na chupa ya juisi ina mafuta ya taa, nilisoma boksi nikaliamini! Nyumba nzima hamna chombo chenye kilichoandikwa juu yake, na ni mie niliyevijaza.

Nilishika kichwa. Nikaanza kuyarudia ya asubuhi nzima, moja baada ya jingine: ile fimbo, hizo hatua za mchangani, mshipa wa shingo, kusimama mbele ya gari. Kila mara alikuwa anasema kitu kilekile. Na mie ndiye niliyekuwa nammalizia.

Yule mzee aliondoka kwenda kwa jamaa yake kutafuta pistoni na pedi nyingine, akatuambia tusubiri. Watu wakarudi kwenye foleni yao ya mihogo. Nikachuchumaa mbele ya mume wangu, pale kwenye mlango wa gari.

"Ulijua kwamba hatuna breki?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Toka nyumbani?"

Akaitikia.

"Sasa ulipanda ya nini, mwanaume wewe?" Nilikuwa nimeanza kupandisha sauti tena, machozi yananitoka. "Nimekutukana mbele ya majirani. Umeona sisikii. Si ungerudi ukakaa barazani kwako? Kwa nini ukapanda?"

Akafungua mdomo. Neno halikuja. Nilikuwa nayo majibu matatu manne tayari, yamejipanga mdomoni: kwa sababu una kiburi, kwa sababu ulitaka kunionyesha, kwa sababu umechoka kuishi. Nikauma meno. Akajaribu, akakwama, akameza mate. Bodaboda ikapita, ikaja nyingine. Mama wa mihogo akamhudumia mteja mmoja, akamrudishia chenji yake. Nilisubiri.

"Wewe..." akasema, "hukuwa... na breki." Akapumzika. Akautazama mkono wake wa kulia uliokuwa juu ya goti, akaufungua, akaufunga. "Mie... nilikuwa... na mkono... mmoja."